Ngozi ya buibui nimeificha kwenye kikasha cha udi

BARUA

Bi Somo, assalamu alaykum na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Malindi, huku Shella, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za asubuhi. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwaka wa pili sasa, msimu wa kusi, chombo chao kilitoka na watu wanne kikarudi na watatu. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nalitaja kwa sababu bila hilo utashangaa mwanamke mzima kukosa usingizi kwa ajili ya buibui.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 13. Mwaka jana, likizo ya Aprili, alikwenda Ganda kwa baba yangu. Walikuwa wanang'oa kisiki cha mnazi uliokauka, wakakuta ndani yake tundu lililotandwa utando mzito mweupe kama soksi. Mtoto akarudi nyumbani na kijibuibui ndani ya chupa, mwili wake ukubwa wa punje ya kunde. Sasa akinyoosha miguu anafika urefu wa kibiriti. Si hawa buibui wa ukutani tuliowazoea. Huyu ana manyoya, rangi yake ni ya vumbi la dhahabu, na mgongoni ana mistari inayotawanyika kama nyota. Ukitikisa kisanduku chake tu, huinua miguu ya mbele akakuonyesha meno. Mwanangu amesoma kwenye simu yangu kwamba ni tarantula, na amempa jina Mwananyota. Kwake yeye ni jike, tangu siku ya kwanza.

Tangu msiba, Bi Somo, mtoto huyu alikuwa hasemi ila akiulizwa. Alipokuja buibui ndipo maneno yalipomrudia. Ananieleza amekula nini, amekunywa maji kwenye kizibo cha soda, ameongeza utando upande gani. Ana daftari anaandika tarehe za kila mende anayempa. Mimi namsikiliza hata nikiwa sina nafasi, kwa sababu nilishasikia nyumba ikiwa kimya.

Siku ya Idd alikuja binamu yake kutoka Mombasa, kijana wa chuo. Akamtazama buibui, akasema, "Huyu dume, huoni miguu ilivyo mirefu? Mwaka mmoja au miwili tu, amekwenda." Mwanangu aligeuka rangi. Usiku nikamkuta macho. Nikamuuliza, "Kwani akiwa dume kuna nini?" Akanijibu, "Mama, dume akikua anatoka shimoni anakwenda, harudi. Jike anabaki." Nikamwambia alale. Nikazima taa upesi asinione uso.

Sasa ndipo lilipokuja la kikasha. Wiki mbili zilizopita alikuwa Ganda kwa babu yake. Alfajiri nimeamka kukaanga mahamri, nikamulika kisanduku kwa simu, nikamkuta Mwananyota kalala chali, miguu juu. Nikajua amekufa. Nilikaa chini pale jikoni nikalia kilio ambacho siku za matanga sikukilia, maana siku zile watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nashughulikia wageni. Nilipomaliza kukaanga nikarudi na koleo la makaa nimtoe kabla mtoto hajaja. Nikakuta wawili! Mmoja mkavu, mtupu, amepasuka kichwani. Mwingine kajikunyata pembeni, kang'aa kama aliyepakwa mafuta. Ule mtupu nikautoa kwa koleo, nikauweka kwenye kikasha cha udi, kabatini, chini ya kanga.

Kwa nini nimeuficha? Kwa sababu mwanangu alishaniambia kwamba ngozi ya buibui akijivua ndiyo inayoonyesha kama ni jike au dume. Aliporudi akaona Mwananyota kakua, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, ngozi iko wapi?" Nikamwambia labda sisimizi wameibeba. Siku mbili alichakura ule mchanga wa kisanduku kwa kijiti cha meno, taratibu, akitafuta hata kipande. Mimi nikimtazama.

Juu ya hilo, shemeji yangu, ami yake mtoto, amepata mtu ufuoni aliyemwambia buibui wa aina hii akiwa jike atamnunua shilingi elfu tano. "Dume hana bei," anasema. Karo ya muhula huu sijamaliza. Mama mkwe yeye anasema buibui hauawi wala hauzwi, alitanda mlangoni mwa pango akamsitiri Mtume wetu, basi tumwache mtoto na buibui wake. Majirani wana yao, wanasema nafuga jini.

Bi Somo, niikunjue ile ngozi nitazame mwenyewe kwanza? Nikiona dume nitamwambia nini? Nikiona jike nitamzuiaje ami yake? Au niitie motoni pamoja na udi, iishe?

Mama mwenye kikasha, Malindi

JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale jikoni, kwenye sufuria ya mafuta na koleo mkononi. Acha nianze hapo kabla ya buibui. Ulilia kwa ajili ya Mwananyota machozi uliyokuwa umeyaweka mwaka mzima na zaidi, kwa sababu siku za matanga ulikuwa unawapikia wageni. Sioni cha kukuonea haya hapo. Nimeona wajane wengi wa pwani hii waliomaliza eda na wasimalize kulia. Ninalotaka uliweke akilini tunapoendelea ni hili: mwanao hajui kwamba ulilia. Anajua tu kwamba ngozi haipo.

Nikielewa vizuri, unayo majibu mawili mkononi na yote mawili yanakutisha. Ngozi ikisema dume, unaogopa mtoto atafiwa mara ya pili. Ikisema jike, unaogopa ami yake atakuja na elfu tano za mtu wa ufuoni. Kwa hiyo umelifungia jibu kwenye kikasha. Kabla hatujafika huko, nataka tuulizane kama jibu kweli limo humo.

Kabla ya safu hii nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi, na ngozi za buibui wa aina hiyo nimewahi kuzikunjua, za watoto waliokuja nazo darasani ndani ya karatasi za daftari. Uliyemwelezea, mwenye nyota ya dhahabu mgongoni na hasira za karibu, anafanana sana na buibui wa huku kwetu Afrika Mashariki ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus. Wafugaji wa nje humwita kwa jina la Mombasa na nyota yake. Huishi kwenye visiki, mashina na mashimo, na hutanda utando mwingi kuliko wengi wa jamaa zake, kama ile soksi waliyoikuta Ganda.

Jike wa buibui hawa ana kifuko kidogo ndani ya tumbo, cha kuhifadhia mbegu za dume mpaka siku ya kutaga. Anapojivua, utando wa ndani wa kifuko hicho nao hutoka pamoja na ngozi. Ndiyo maana mwanao anaitafuta ngozi badala ya kumgeuza buibui mwenyewe, na hilo amelisoma sawasawa. Sehemu ya kutazama ni tumbo. Katika ngozi kavu, miguu na kifua hubaki na umbo lake, lakini tumbo hujikunja likawa kama ganda la kitunguu lililofinywa. Huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, robo saa au zaidi, mpaka lilainike, kisha hufunguliwa polepole kwa brashi laini au kijiti, upande wa ndani uangalie juu. Utaona mabaka manne meupe, mawili mbele na mawili nyuma. Hayo ni mapafu. Baina ya yale mawili ya mbele unapita mkunjo mwembamba, na ni hapo kwenye mkunjo ambapo jike huwa na kijiukuta kilichosimama, au vijifuko viwili vilivyotuna, kulingana na jamii yake. Dume hapo huwa patupu.

Lakini sikiliza. Buibui wa urefu wa kibiriti bado ni mdogo. Kifuko chake, kama yupo jike, ni kidogo mno, na huwa laini, chepesi kulala kwenye ngozi kisionekane. Ukikiona waziwazi kwa kioo cha kukuzia, basi ni jike. Usipokiona, hujaona dume. Umeona tu kwamba hukukiona. Tumbo likiwa limechanika, na la kwako lilibanwa na koleo la makaa, pengine hata sehemu yenyewe haipo tena. Hata madume wengine wana vijisehemu hapo vinavyomdanganya asiyezoea akadhani amepata jike. Nakuambia haya kwa sababu unajiona umekalia hukumu. Huenda umekalia ngozi isiyosema kitu.

Na binamu wa Mombasa, Mungu amhifadhi, alisema kwa haraka. Miguu mirefu kwa buibui mchanga si ushahidi. Dume huja kujulikana bila shaka siku ya kujivua kwake kwa mwisho, anapotoka na vile vigusio viwili vya mbele vimevimba nchani kama ngumi za mpiga ndondi. Kabla ya hapo wako wanaomtazama kwa chini, kupitia plastiki safi, wakitafuta baka la vinyweleo vyeusi vilivyosongamana juu ya ule mkunjo, kwa sababu dume ana tezi za ziada za utando mahali hapo. Njia hiyo haimsumbui buibui wala haihitaji ngozi. Nayo ni ya kukisia kwa mdogo, na huzidi kuaminika anavyokua. Mwanao ana macho na ana daftari. Nashuku anaweza kuipenda kazi hiyo.

Sasa maneno ya usiku wa Idd. "Dume akikua anatoka anakwenda, harudi. Jike anabaki." Mwanangu, mtoto hakukosea. Ndivyo ilivyo. Jike wa jamii hii huishi miaka mingi, 10 na zaidi akitunzwa, akiendelea kujivua hata akishakuwa mtu mzima, na maisha yake yote huweza kuyamaliza karibu na shimo moja. Dume hukomaa mapema, hujivua kwa mara ya mwisho, kisha huacha nyumba yake na kutembea usiku akitafuta jike. Baada ya hapo huishi miezi, kwa kawaida haizidi mwaka mmoja na kitu. Kwa hiyo siwezi kukuambia umfariji kwa kumwambia si kweli.

Ninachoweza kukuuliza ni kama unajua hakika alichokuwa anakiuliza. Wewe ulisikia habari za baba yake ukazima taa. Nami nilisoma hivyohivyo. Lakini yeye hakumtaja baba. Inawezekana ndiye aliyekuwa moyoni mwake, na inawezekana vilevile alikuwa anasema juu ya buibui tu, kama mtoto anayempenda kiumbe na hataki afe. Na kuna la tatu ambalo linanijia kila nikiisoma barua: huenda alikuwa anakuambia juu yako. Wewe ndiye uliyebaki. Sijui ni lipi kati ya hayo. Wewe pia hujui bado, na taa imezimwa tangu Idd. Swali lile lile aliloulizwa usiku, "Kwani akiwa dume kuna nini?", laweza kuulizwa tena mchana mkiwa mnamenya vitunguu, mikono ikiwa na kazi. Watoto wa miaka hiyo husema zaidi wasipotazamwa usoni.

Woga wa kufiwa mara ya pili nauheshimu. Ila nakuomba uutazame vizuri ujue ni wa nani. Aliyekaa chini jikoni alfajiri ile ni wewe. Yeye, kama angekuwepo, huenda angekuambia, "Mama, usimguse, anajivua." Maana amesoma: buibui akilala chali hivyo hajafa, anajivua, na asiguswe. Angekuwa yeye ndiye anayekutuliza wewe. Natamani ungeliona hilo.

Kuhusu ami yake nitasema kwa uzito zaidi, kwa sababu hapa si mambo ya moyo peke yake. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haikusema simba na ndovu tu. Inakusanya kila kiumbe wa porini wa nchi hii, na mdudu yumo, na buibui yumo. Kumweka bila kibali ni tatizo. Kumuuza kwa mtu wa kumpeleka nje ni tatizo kubwa zaidi. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa Naivasha na maelfu ya sisimizi ndani ya mirija iliyozibwa kwa pamba. Sisimizi, mwanangu! Kila mmoja alitakiwa alipe faini ya shilingi milioni moja au afungwe miezi 12, na Mkenya aliyekuwa kwenye kesi kama hiyo naye alihukumiwa vivyo hivyo. Yule mtu wa ufuoni analijua hilo. Shemeji yako pengine halijui, na huenda kumweleza kwa upole, akijua kwamba anayekamatwa mara nyingi ni yule aliyebeba, kukamgeuza kuliko ugomvi. Jike ndiye anayetafutwa kwa sababu huishi sana na hutaga mayai mengi. Kwa hiyo kulitangaza jibu la ngozi, likiwa ni jike, ni kumtundikia mnyama bei shingoni. Hapo nakubaliana nawe kwamba kutojua kuna sitara yake. Ila sitara hiyo ni dhidi ya ami, na umeiweka dhidi ya mtoto.

Hii ina maana pia kwamba wewe na mwanao mna jambo la kuamua ambalo ngozi haiwezi kuwasaidia: kama Mwananyota akae. Unaweza kwenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, hapo Malindi ukauliza bila kujificha. Hatari yake ni kwamba huenda wakakuambia arudishwe alikotoka, na ukirudi na jibu hilo nyumbani utakuwa umemwondolea mtoto rafiki kwa mkono wako. Unaweza kumrudisha Ganda kwa hiari yenu, kwenye shamba lile lile, mnazi mwingine, kisiki kingine. Huko ni kwao, hapelekwi ugenini. Lakini si sasa, maana aliyetoka kujivua huwa laini wiki nzima na zaidi, hata meno yake huwa meupe kwanza kabla hayajakaza, na amezoea kuletewa mende mlangoni. Unaweza kuacha kama ilivyo na kukaa na wasiwasi wa sheria. Sitakuchagulia. Naona tu kwamba kama ni dume, Ganda lina maana nyingine. Dume aliyekomaa ndani ya kisanduku huzunguka pembe zote nne usiku kucha akitafuta njia. Dume aliyekomaa shambani anayo njia. Mtoto anayejua hivyo anaweza kuwa yeye ndiye anayefungua kifuniko, kwa siku aliyoichagua, na babu yake kando. Hilo halifanani na chombo kurudi na watu watatu. Au huenda kwake likafanana kabisa, likamuumiza vilevile. Wewe ndiye unayemjua.

Kama anapenda viumbe hawa kiasi hicho, mpeleke siku moja Gede, kwenye mradi wa Kipepeo. Tangu 1993 watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado pupa, kabla hawajatoka na mabawa, kwa njia iliyo wazi, na msitu unabaki umesimama. Ataona kwamba daftari lake la tarehe za mende si mchezo wa kitoto. Kuna watu wanaoishi kwa madaftari kama hayo. Na majirani watakuwa na la kusema badala ya jini.

Turudi kabatini. Ukiikunjua peke yako, utajua kabla yake, na kuanzia hapo kila utakalomwambia litakuwa limechujwa. Umeshamwambia sisimizi. Nimehesabu uongo huo kuwa mdogo, umetoka kwa mapenzi, lakini yule mtoto alichakura mchanga siku mbili kwa sababu yake, nawe ulimtazama, na naona ndiyo sehemu ya barua iliyokuuma kuandika. Ukiichoma, utapumua wiki mbili tatu. Kisha Mwananyota atajivua tena, maana bado anakua, na ngozi nyingine itakuwepo, kubwa zaidi, yenye kusomeka zaidi, na safari hiyo mtoto huenda akawa nyumbani. Ukimpa leo, itabidi useme pia ilikuwa wapi. Atakasirika, nadhani. Hasira ya mtoto aliyekuwa hasemi si jambo la kulikimbia sana, lakini ni wewe utakayekaa nayo chini ya paa moja. Na mkiikunjua pamoja, kwa bakuli moja na kioo kimoja, mnaweza kukuta jike, mnaweza msikute kitu, mnaweza kukuta tumbo limechanika na koleo la mama. Hilo la mwisho ukimwambia sababu yake, kwamba ulidhani amekufa ukakaa chini jikoni ukalia, utakuwa umemweleza jambo ambalo hajalisikia kwako tangu chombo kirudi.

Juu ya jina, msibabaike. Bibi yake atamwambia: Mwana ni heshima ya wanawake wetu, ndiyo, lakini mwana ni mtoto vilevile, wa kike au wa kiume. Akigeuka dume jina litamtosha.

Jambo moja nakuomba kama mzazi, na hili silipimi. Asimshike mkononi kamwe, hata akimzoea vipi. Baadhi ya buibui wa Amerika hurusha vinyweleo vya kuwasha ili kujilinda. Wa kwetu hawana hivyo, hujilinda kwa meno, na huyu ni mwepesi kuliko jicho. Sumu yake huumiza vikali na misuli hukakamaa kwa muda. Kisanduku kiwe na kifuniko cha kubana, mdogo wake asikifikie, na akiumwa yeyote aende hospitali bila kungoja dawa ya nyumbani. Nawe usimtie tena koleo. Akilala chali, mwache.

Kuhusu kikasha, kitoe udi wote, usiache hata unga, na kikae pakavu pasipo na sisimizi. Sisimizi wa kweli. Ngozi ikiwa kavu haiozi. Hata baada ya miezi huloweshwa ikalainika na kufunguliwa kama ya jana, kwa hiyo hakuna siku wala wiki inayokusukuma. Unaweza kungoja ajivue tena. Unaweza kungoja mpaka uwe umemuuliza lile swali la usiku wa Idd. Siku utakayoitoa, mwenyewe au naye, weka taulo jeupe chini ya bakuli ili vipande vidogo vionekane vikianguka, na sabuni iwe tone moja tu.

Niandikie tena.

Bi Somo